Kidevu Juu ya Bomba

Mimi Eveline nauza mitumba pale Mwanjelwa, na mdomo wangu unajulikana kuanzia meza za viatu mpaka kwa wauza maparachichi. Sijawahi kushindwa kumsema mtu. Lakini habari ya wifi yangu Apolonia nimeikalia kimya muda mrefu, kwa sababu watu wakisikia nusu yake wanacheka na kuondoka kabla haijaisha. Leo naisema yote, na anayetaka kucheka asubiri.

Apolonia ni mke wa kaka yangu Obeid. Ni Mhehe wa Idodi, kule kwenye barabara ya Ruaha, ambako tembo wanaingia mahindini kama vile wamealikwa. Ni mfupi, ana mabega mapana, na hacheki ovyo. Alisomea umeme VETA, akafaulu vizuri, na tangu aolewe Mbeya amekuwa akichimba kuta za watu na kupitisha nyaya, huku sifa zikienda kwa fundi mwanamume aliyesimama chini kushika ngazi. Hilo lilimchoma. Alitaka kazi moja tu, ya kupanda minara ya simu. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba kule juu mtu akifunga nati, kila mmoja anaona ni nani aliyeifunga.

Basi kampuni moja ya kujenga na kukarabati minara ikatangaza kwamba inachukua mafundi. Apolonia akaenda, na mimi nikafunga meza yangu nikamsindikiza. Vyeti wakavikubali. Macho yakapimwa, presha ikapimwa, yote mazuri. Kisha wakapelekwa uwanjani kwenye bomba la chuma. Sharti lilikuwa hivi: shika bomba, mikono imenyooka, jivute mpaka kidevu kipite juu yake, mara tatu bila kugusa chini. Maana ukiteleza mnarani ukabaki unaning'inia, hakuna wa kuja kukupandisha. Unajipandisha mwenyewe au unasubiri kudra za Mungu.

Apolonia akashika. Akaning'inia kama suruali iliyoanikwa. Akarusha miguu, akakunja uso, mishipa ya shingo ikamtoka, na mwili haukupanda hata upana wa kidole. Vijana waliokuwa kwenye foleni wakaanza kukohoa vile vikohozi vya kuficha kicheko. Aliposhuka, msimamizi akamwambia bila ubaya wowote kwamba mtu anaruhusiwa kuja kwenye usaili mara mbili tu. Usaili unaofuata ungefanyika Iringa katikati ya kiangazi. Akishindwa huko, asirudi tena.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniuliza, "Wifi, hivi hii mikono yangu ni ya nini?"

Nikamjibu, "Ya kumpikia kaka yangu."

"Sawa," akasema. "Basi itafanya na kazi ya pili."

Obeid ni dereva wa lori, leo yuko Tunduma, kesho hujui yuko wapi. Lakini safari hiyo alipokuwa nyumbani alifanya jambo la maana. Alichimbia milingoti miwili nyuma ya nyumba, akaimwagia zege, akapitisha bomba la maji la chuma juu yake. Aliiweka karibu kabisa na uzio wa mabanzi unaolingana na bomba kwa kimo, kwa sababu uwanja wenyewe ni mdogo: upande huu choo, upande ule kuni za mpangaji mwenzao. Alimaliza, akamwambia mkewe, "Haya, mama, jivute," akapanda lori lake akaondoka.

Wa kumfundisha alikuwa Isaka, kijana aliyesoma VETA na Apolonia, ambaye tayari anapanda minara. Alikuja Jumapili moja baada ya ibada, bado ana tai shingoni. Mimi nilidhani atamwambia avute kwa nguvu. Kumbe hapana. Alimwambia, "Dada Apolonia, usianze kupanda. Anza kushuka." Akaleta stuli, akamwambia asimame juu yake, aweke kidevu juu ya bomba, akunje miguu, halafu ashuke polepole kadiri anavyoweza, kama mtu anayeteremsha sufuria ya moto. Apolonia akashuka kwa kishindo, puu! Isaka akasema, "Tena."

Akamfundisha pia kuning'inia tu, mikono imenyooka, kisha kuyavuta mabega yaende chini bila kukunja viwiko. Hilo lilimsumbua kuliko yote. Mtu aliyebeba ndoo kichwani tangu utotoni anajua kukaza shingo na kupandisha mabega. Kuyashusha ni lugha nyingine. Isaka alikuwa anamgonga begani kwa kidole, "Hili shusha. Limepanda tena. Shusha." Mwisho akafunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye bomba, ukaning'inia kama kitanzi, akamwambia atie mguu humo ili mpira umsaidie kupanda. "Ukizoea, tunautoa," akasema.

Tangu siku hiyo Apolonia hakuacha. Asubuhi kabla ya kazi yuko kwenye bomba. Jioni akirudi na vumbi la kuta kichwani yuko kwenye bomba. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, akapaka mafuta ya mgando akaendelea. Wapangaji wenzake wakampa jina la Mama Popo. Aliposikia akasema popo ana faida, hadaiwi pango. Nikaona huyu mtu hatanii, na mimi nikaacha kumtania mbele za watu.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ndipo akaja baba yetu.

Baba yetu, Mzee Anyelwisye, alitoka Tukuyu kuja kukaa kwa Obeid kwa sababu ya goti. Alikuwa amefanyiwa upasuaji na alitakiwa awe karibu na kliniki. Kwangu hakuna nafasi, nina chumba kimoja na marobota ya nguo. Sasa, asiyejua mila zetu Wanyakyusa anielewe vizuri. Kwetu mke wa mtu na baba mkwe hawaonani. Hamtazami usoni, hamwiti jina, hampi kitu mkononi, hapiti mbele yake. Akimsikia anakuja, anajificha, na akikosa pa kujificha, anachuchumaa chini na kugeuza uso. Mzee naye akitaka kupita anakohoa kwanza ili mwenzake apishe. Si chuki, ni heshima. Siku hizi wengi mjini wameacha, na mimi mwenyewe kwa wakwe zangu nilikuwa nafanya nusu nusu. Lakini Apolonia, Mhehe wa watu, alishika mila yetu kuliko sisi wenyewe. Alipoolewa shangazi zetu walisema mgeni ataweza wapi. Akaapa moyoni kwamba hawatapata cha kusema, na hawakupata.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, nilikuwa napita pale kumpa Baba chai, kwa kuwa mkwewe hawezi kumpa. Na Baba, kwa baridi ile ya Juni ya Mbeya, alikuwa amekwisha kupata pake pa kuotea jua. Ni mahali pamoja tu penye jua la asubuhi: kwenye kijia cha kuingilia, ameegemeza kiti ukutani, amevaa koti zito na blanketi mabegani, akiutazama uzio, na jioni akirudi hapohapo. Upande wa pili wa uzio huohuo ndipo lilipo bomba.

Apolonia hakuliacha bomba. Aliendelea. Isaka akaondoa mpira wa baiskeli, na kweli mwili ukaanza kupanda wenyewe. Bomba likafika kwenye utosi. Likafika kwenye paji la uso. Hapo likagoma. Siku zikapita, likawa halivuki paji la uso. Isaka akaja, akamtazama, akakuna kichwa. "Nguvu ipo, dada," akasema. "Hata mgongo upo. Sijui ni nini." Akamwongezea mazoezi. Apolonia akayafanya yote, akakonda uso, na bomba likabaki palepale. Usaili ulikuwa unakaribia na mimi nilianza kuogopa kwa niaba yake.

Siku moja nilikuwa nimesimama upande wa Baba, namimina chai. Nikasikia bomba linalia, kwii, kwii, nikainua macho. Juu ya mabanzi kikachomoza kitambaa cha kichwa cha Apolonia. Kikapanda taratibu, kwa nguvu nzuri tu, wala hakitetemeki. Paji la uso likaonekana. Macho yalipotaka kutokeza, akadondoka chini mara moja, kama kifaranga aliyeona mwewe. Chai ilimwagika kwenye sahani. Nikasema moyoni, huyu hashindwi. Huyu anashuka mwenyewe.

Nikamfuata nyuma ya nyumba. "Wifi, unajiachia," nikamwambia. "Ukifika usawa wa uzio unajiachia kwa sababu ya Baba."

Akakasirika. Sijapata kumwona vile. "Mimi nijiachie? Mikono yangu inachubuka hapa kila siku, unaniambia najiachia?"

"Basi fumba macho."

"Nikifumba mimi, yeye amefumba?" akasema. Kisha sauti ikampungua. "Wifi, nitokeze kichwa juu ya mkwe wangu, yeye amekaa chini? Hata kusimama mbele yake sijawahi."

Tukangoja siku ambayo Baba alipelekwa kliniki, kiti kitupu, kijia kitupu. Apolonia akashika bomba, akajivuta, akafika kwenye paji la uso, akadondoka. Akajaribu tena, akadondoka tena. Akakaa chini kwenye vumbi, ameshika viganja vyake, akasema, "Mwili umekwisha kujifunza hivyo." Na kweli, ndivyo alivyokuwa ameufundisha, asubuhi na jioni, kwa bidii zote. Niliumia sana. Mtu mvivu akishindwa unaweza kumsema, lakini huyu bidii yake ndiyo iliyokuwa inamwangusha.

Milingoti ya zege haihamishiki. Na baba wa watu, mgonjwa wa goti, nani atamwambia ahame juani? Nilizunguka na neno hilo tumboni, mimi nisiyewahi kukosa la kusema. Mwisho, asubuhi moja, nilimpa chai nikabaki nimesimama.

"Tata," nikamwambia, "kuna jambo."

"La bomba," akasema Baba.

Nikaliweka birika chini.

"Mguu ndio mbovu, masikio mazima. Kila siku linalia, linalia, halafu linakata. Linakatia palepale. Kwa nini linakatia palepale?"

"Kwa sababu yako, Tata. Akifika juu atakuona, na wewe utamwona."

Akanywa chai. "Na hiyo kazi yenyewe ni ya nini?"

"Ya kupanda minara ya simu. Ameshindwa mara moja. Akishindwa tena hawamtaki."

"Mwanamke apande mnara?"

"Si mwanamke tu, Tata. Ni mke wa mwanao."

Akageuza uso akautazama uzio, nikajua nimeharibu. Nilijiandaa kusikia kwamba bomba ling'olewe. Baba akajifuta mdomo, akasema, "Mwambie kesho asubuhi mimi sitakuwepo."

"Utakwenda wapi na goti hilo?"

"Nitakuwa hapahapa, jua nitaliacha? Lakini sitakuwepo."

Kesho yake nikamkuta kwenye kiti chake. Aliponiona tu akavuta blanketi likamfunika kichwa chote mpaka magotini, akakaa humo kama robota la mitumba lisilofunguliwa. Kisha akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia, "Haya! Mimi nimekwisha kuondoka!"

Upande wa pili Apolonia alikuwa tayari ananing'inia. Nilikimbilia kule nikamkuta amejiachia, amekaa chini, anacheka mpaka machozi, mkono mdomoni asisikike. Yeye ambaye hacheki ovyo. Siku hiyo hakujivuta hata mara moja. Lakini siku iliyofuata Baba aliondoka tena bila kuondoka, na iliyofuata tena, na Apolonia akaacha kucheka akaanza kazi. Bomba likafika kwenye nyusi. Alidondoka. Likafika kwenye macho, akaliona robota la mkwewe upande wa pili, akadondoka, akashika tena. Kila alipodondoka alikuwa anajisema kwa Kihehe maneno ambayo sikuyaelewa, na nadhani hayakuwa ya kanisani.

Ikafika asubuhi ambayo bomba lilipita pua. Akabaki hapo, anatetemeka mwili mzima, mimi nimesimama kwenye kona ya uzio nawaona wote wawili, birika mkononi. Ndani ya blanketi ikatoka sauti, "Kidevu bado."

"Tata," nikasema, "si umeondoka?"

"Nimeondoka. Lakini kidevu bado."

Nikamtazama Apolonia, nikajua ataanguka. Hakuanguka. Alifunga meno, mabega yakashuka kama alivyofundishwa, na kidevu kikapita juu ya bomba, chote, mpaka shingo ikaonekana. Akashuka polepole, mikono ikanyooka, miguu ikagusa chini. Akaenda kujiegemeza kwenye ukuta wa choo akalia. Nililia na mimi. Ndani ya blanketi Baba akasema, "Eveline, hiyo chai imepoa," lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayedai chai.

Tukaenda Iringa. Uwanja ulikuwa juu, upepo wa kiangazi unapiga, na watu walikuwa wengi, karibu wote wanaume, wengine wamevaa fulana zilizokatwa mikono ili misuli ionekane. Nilimwombea Apolonia kwa Kilutheri na kwa Kikatoliki, kwa kuwa yeye ni Mkatoliki na sikutaka kukosea mlango. Alikuwa ametulia. Nyumbani alikuwa amekwisha kufikisha tatu, na hata nne. Nilisema leo ni kuja kuchukua tu kilicho chetu.

Sikuwa nimejua watapimaje kidevu. Walikuwa wameweka meza mbele ya bomba, juu ya meza wameweka kiti, na juu ya kiti amekaa mzee, fundi wao wa zamani, mvi kichwani, koti zito, ametazama mbele. Wamemweka hapo ili macho yake yawe sawasawa na bomba, aone kidevu kimepita au hakijapita. Yeyote aliyejivuta alikuwa anatokeza uso kwa uso na yule mzee. Na mzee huyu hakuwa na blanketi.

Wakamwita. Apolonia akashika bomba, akajivuta vizuri kuliko vijana wengi. Paji la uso likafika kwenye bomba. Akadondoka.

"Hiyo haihesabiki," akasema mzee. "Unaruhusiwa kushika mara moja tena, mwanangu. Ukidondoka, basi."

Kuna kijana nyuma yangu akasema wanawake wasipotezewe muda. Nikageuka kumpa haki yake, kisha nikaacha, kwa sababu nilimwona Apolonia hajarudi kushika bomba. Alikuwa anasogea kwenye meza, anajipangusa viganja kwenye suruali. Nilifikiri anakwenda kuaga. Nikafungua mdomo nimwite, akanyoosha mkono kunizuia bila hata kugeuka.

"Mzee, shikamoo," akasema.

"Marahaba."

"Naomba radhi. Mimi nitakuangalia usoni."

Mzee akashangaa kidogo. "Niangalie, mama. Si ndicho kilichonikalisha hapa?"

Akarudi, akaruka, akashika. Safari hii hakuinamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kumkazia macho mzee wa watu tangu mikono imenyooka, na akapanda nayo macho yake hivyohivyo, yamefunguka. Bomba likapita paji la uso, likapita pua, kidevu kikavuka. "Moja," akasema mzee. Akashuka mpaka mikono ikanyooka, akapanda tena. "Mbili." Ya tatu ilikuwa nzito. Mikono ilianza kutetemeka, bomba likakwama kwenye pua, na kule nyuma hakuna aliyekohoa. Mimi sikusema kitu. Nilijua nikisema neno lolote nitamwondolea kitu ambacho ni chake. Alimtazama yule mzee, na mzee akamtazama yeye, na kidogo kidogo, kama mtu anayeng'oa kisiki, kidevu kikapanda.

"Tatu," akasema mzee. "Umepita. Shuka, mama."

Apolonia hakushuka. Alibaki kule juu, mikono inatetemeka, shingo imenyooka, anamtazama machoni.